Michezo ya kuwafunza wauguzi: anzeni na karata, msiuruke mjadala

Dada, umeuliza kama michezo inaweza kuwafunza wauguzi wenzako hapo Eastleigh, Nairobi, kuwahudumia vyema wakimbizi wa Kisomali, Kioromo na Kikongo, au ni kupoteza saa za kazi. Inaweza, na ningeanza na Barnga, mchezo wa karata uliobuniwa na Sivasailam Thiagarajan mwaka 1980. Kila meza hupewa kanuni tofauti kidogo bila wachezaji kujua, kisha kuongea ni marufuku. Washindi wakihamia meza nyingine, utaona mtu anazivuta karata na mwenzake anamzuia mkono, kila mmoja akiamini anaibiwa. Simamisha hapo uulize: ulimdhania nini? Na mgonjwa asiyeujua utaratibu wa foleni yetu, huwa tunamdhania nini? Mjadala huo upewe muda mrefu kuliko karata zenyewe.

Baadaye igizeni: mama mjamzito anatokwa damu, na anayemtafsiria ni mwanawe mdogo. Muuguzi afanyeje?

Tafadhali msigawe kadi za "Wasomali wako hivi", zinazaa dharau. Mwalikeni mkimbizi aongoze kipindi, naye alipwe kama mwezeshaji yeyote. Bajeti ya mkalimani msiiguse, bado mtamhitaji.