Kiungo mpya wa AFL: miaka miwili ya kwanza ndiyo inayoamua

Ukichaguliwa mwezi Novemba kwenye drafti (zamu ya klabu kuchagua vijana wapya) ya AFL, ligi kuu ya soka la Australia, usianze kuhesabu miaka kumi mbele yako. Mkataba wa kwanza kwa kawaida ni wa miaka miwili, wa mitatu kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza, na anayeingia kupitia orodha ya wanagenzi mara nyingi hupewa mmoja tu. Klabu ina wachezaji zaidi ya 40, na siku ya mechi wanavaa jezi 23. Kila mwisho wa msimu kuna wanaoachwa ili wapya wapate nafasi.

Kwa kiungo mambo ni magumu zaidi. Kwenye timu za vijana, mchezaji bora huwekwa katikati, kwa hiyo drafti hujaa viungo. Ukifika klabuni unakuta kwamba mpira unapoanzishwa, kila timu inaruhusiwa watu wanne tu ndani ya mraba wa katikati: mrukaji, anayeugombania mpira hewani, na viungo watatu. Nafasi hizo tatu tayari zina wenyewe. Ndiyo maana tunasisitiza: jifunze nafasi ya pili tangu mazoezi ya kwanza ya kiangazi. Winga au beki wa pembeni anayejua kuanzisha mashambulizi hupangwa mapema kuliko kiungo asiyejua kucheza kwingine.

Mikono ndiyo huwaangusha wengi. Pasi ya mkono hupigwa kwa ngumi: mpira ukae kwenye kiganja kimoja, ngumi ya mkono mwingine iupige. Ukiurusha, wapinzani wanapewa mpira. Kwenye ligi ya vijana una muda wa kugeuka ukapige kwa mkono unaoupenda; huku AFL muda huo huna. Fanya mazoezi kwa mikono yote miwili, umepiga magoti, na mpira uliolowekwa kwenye ndoo ya maji. Tena, tazama nyuma ya bega kabla mpira haujakufikia. Ukikabwa wakati ulikuwa na nafasi ya kuutoa na hukuutoa, mwamuzi atakuadhibu, na kocha ataurudia mkanda huo Jumatatu mbele ya wote.

Mbio zina sura mbili. Jaribio la kilomita 2 linapima pumzi, na kiungo anayekimbia chini ya dakika 6 na sekunde 10 hutazamwa vizuri. Lakini makocha huangalia zaidi mbio za kurudi nyuma timu inapopoteza mpira, zile ambazo jukwaani hakuna anayezishangilia. Mabadiliko ya wachezaji, ya kutoka kupumzika na kurudi, yamewekewa ukomo wa 75 kwa timu kwa mechi tangu 2021, kwa hiyo pumzi utaitafuta ukiwa uwanjani.

Kiungo hukimbia kilomita 12 hadi 14 kwa mechi. Mwili wa miaka 18 haujazoea mzigo huo. Misuli ya nyuma ya paja ikikaza, sema siku hiyohiyo: ukiwahi utapunguziwa mazoezi siku chache, ukificha ikachanika utakaa nje wiki kadhaa. Maumivu ya kinena yanayozidi unapobana magoti pamoja, hayo nayo yasisubiri. Kichwa ndicho kisichofichwa kabisa. Mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo hapaswi kucheza kwa siku 12 angalau, na asiyepona vizuri hukaa zaidi. Angus Brayshaw wa Melbourne, bingwa wa 2021, alistaafu Februari 2024 akiwa na miaka 28, baada ya mechi 167, kwa ushauri wa madaktari.

Siku ya mapumziko ya wiki itumie kusoma. Chama cha wachezaji huwasaidia wachezaji upande wa elimu, wakiwemo walioachwa.

Na ukiachwa, usivue viatu. Ligi za majimbo, VFL, SANFL na WAFL, zinakupokea, na klabu za AFL hualika wachezaji wa majaribio kabla ya msimu, kisha kuna drafti ya katikati ya msimu. Wanaoitwa majaribio hupimwa mbio mapema, kwa hiyo mazoezi ya Desemba yasikatike hata wiki ya Krismasi.