Swali la Lugha: Je, mtu mtulivu ni mtu wa balghamu?

Msomaji mmoja anayefasiri riwaya ya Kiingereza ametuandikia kwamba amekwama kwenye maneno manne ambayo mwandishi wa riwaya hiyo ameyatumia kuwaeleza wahusika wake: phlegmatic, choleric, melancholic na idiosyncrasy. Alipofungua kamusi alikuta kwamba neno la kwanza linahusiana na balghamu, akashangaa makohozi yameingiaje katika sifa za mtu asiye na papara. Anauliza kama anaweza kuandika "mtu wa balghamu", na kama neno balghamu lenyewe ni la Kiarabu au la Kigiriki.

Nianze na swali la mwisho, kwa sababu ndilo linalofungua mengine. Balghamu tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako ni balgham, na Waarabu nao walilipata kutoka Kigiriki, ambako lilikuwa phlegma. Ukiziweka kando irabu na kuzifuata konsonanti peke yake, utaona kwamba ph, l, g na m za Kigiriki zimesimama kwa mpangilio uleule katika b, l, gh na m za Kiarabu. Sisi tuliongeza u mwishoni, kama tulivyofanya katika kalamu, elimu na salamu, kwa kuwa m hutamkwa kwa midomo na huvuta irabu ya midomo. Kwa hiyo balghamu na phlegm la Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa nyumba mbili. Mwingereza huiandika g ya neno hilo bila kuitamka, ilhali sisi gh yetu tunaitamka hadi leo, na ndiyo sababu nawasihi waandishi wasiandike "balgamu".

Maana ya kwanza ya phlegma haikuwa makohozi hata kidogo. Katika Kigiriki cha zamani sana lilikuwa jina la mwako wa moto, kutokana na kitenzi phlegein, yaani kuwaka au kuunguza. Baadaye likatumika kwa uvimbe wenye joto mwilini, kisha kwa ute uliodhaniwa kutokana na joto hilo, na hatimaye ute huo ukahesabiwa na waganga kuwa kitu cha baridi. Neno lililozaliwa motoni likaishia kwenye ubaridi, na bila kuijua safari hiyo hatuwezi kuelewa kwa nini Mwingereza alimwita mtu mtulivu kwa jina la makohozi.

Waganga wa Ugiriki, tangu zama za Hippocrates katika karne ya 5 K.K., walifundisha kwamba mwili hutawaliwa na majimaji, na hesabu iliyoshika ni ya manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Katika karne ya 2 B.K. tabibu Galen wa Pergamon aliyapanga mafundisho hayo kwa namna iliyodumu zaidi ya miaka 1,000. Damu ni ya moto na yenye unyevu, nyongo ya manjano ni ya moto na kavu, balghamu ni ya baridi na yenye unyevu, na nyongo nyeusi ni ya baridi na kavu. Afya ilikuwa ni kulingana kwa hayo manne. Na jimaji lililozidi mengine ndilo lililodhaniwa kumpa mtu tabia yake. Aliyezidiwa na balghamu alikuwa mtu wa baridi, mzito wa kukasirika na mzito wa kufurahi, naye ndiye phlegmatic. Aliyezidiwa na nyongo ya manjano, ambayo kwa Kigiriki ni kholē, alikuwa choleric, mwepesi wa hasira. Melancholic ni maneno mawili yaliyounganishwa, melan- lenye maana ya "-eusi" na kholē hilohilo, nalo lilimhusu mwenye huzuni isiyokwisha. Mtu wa damu, mchangamfu, Waingereza walimwita sanguine, lakini hilo ni la Kilatini na halimo katika swali.

Mafundisho hayo yalihamia katika Kiarabu kwa kazi kubwa ya kufasiri iliyofanyika Baghdad katika karne ya 9, na mkuu wa wafasiri wa vitabu vya Galen alikuwa Hunayn ibn Ishaq. Mfasiri wa leo anapaswa kuitazama kazi hiyo kwa makini, maana phlegma liliachwa kama lilivyo na kutiwa sauti ya Kiarabu, ilhali nyongo mbili zilitafsiriwa kwa rangi zake, ya manjano ikawa safra na nyeusi ikawa sauda. Mwaka 1025 Ibn Sina alikamilisha kitabu chake kikubwa cha tiba, akakiita Kanuni. Na kanuni nalo ni neno la Kigiriki, kanōn, lililokuwa na maana ya ufito ulionyooka wa kupimia.

Alama za elimu hiyo zimo katika Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Safura tunayoijua kuwa jina la ugonjwa, na minyoo ya safura inayotajwa katika zahanati, imetokana na ile safra, nyongo ya manjano. Ugonjwa wa viungo tunaouita baridi yabisi unabeba katika maneno mawili tu sifa zilezile mbili, ubaridi na ukavu, ambazo Galen alizihusisha na nyongo nyeusi. Waingereza ugonjwa huohuo huuita rheumatism, kutokana na rheuma la Kigiriki, yaani mtiririko, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba jimaji baya limetiririkia kwenye viungo. Lugha mbili zimetaja maradhi mamoja kwa nadharia moja, kila moja ikishika upande wake. Na hadi leo wazee wa pwani humkataza mgonjwa chakula cha baridi, wasikusudie chakula kilichopoa bali kile ambacho asili yake inahesabiwa kuwa ya baridi.

Hata hivyo, "mtu wa balghamu" sikushauri uliandike katika riwaya. Msomaji wa leo akilisoma ataona mgonjwa wa kifua, kwa sababu sisi tulichukua jina la kitu bila kuchukua jina la tabia. Lingefaa mahali pamoja tu, katika tafsiri ya kitabu cha tiba ya kale, na hapo liambatane na maelezo. Tena, hata kwa maana ya mwilini, balghamu si sawa kabisa na makohozi: balghamu ni ule ute ukiwa kifuani, na makohozi ni kile kinachotolewa kwa kukohoa, ndiyo maana hospitali hupima makohozi ya mgonjwa.

Kwa phlegmatic ningeandika "mtu aliyepoa, asiyeshtushwa upesi na jambo". Kitenzi poa kinabeba ubaridi uleule ambao Wagiriki waliukusudia, tena bila kuazima chochote. Kwa choleric lipo neno zuri ambalo naona linasahauliwa, nalo ni harara. Maana yake ni joto, pia ni vipele vya joto, na pia ni wepesi wa kughadhibika, kwa hiyo "mtu wa harara" linakaa vizuri kabisa mahali pa Kigiriki. Melancholic litategemea uzito: simanzi au jitimai kwa huzuni ya mhusika wa riwaya, na sonona pale mwandishi anapokusudia maradhi.

Limebaki idiosyncrasy, ambalo ndilo gumu kuliko yote. Limejengwa kwa idios, "-a mtu mwenyewe", syn, "pamoja", na krasis, "mchanganyiko". Yaani namna ya pekee ambavyo majimaji manne yamechanganyika katika mwili wa mtu mmoja. Hata Waingereza wenyewe huliendeleza vibaya, wakiweka c mahali pa s ya mwisho, kwa kulifananisha na democracy, ambalo limetokana na kratos, "nguvu" au "utawala". Wapo watakaoshawishika kuliswahilisha liwe "idiosinkrasia". Nawaomba wasifanye hivyo, kwa sababu katika Kiswahili demokrasia imekwisha kuikamata sauti hiyo, na msomaji atatafuta utawala pasipo na utawala. Katika riwaya yako tumia "mazoea yake ya peke yake" ikiwa ni mwenendo unaoonekana, na "hulka yake mwenyewe" ikiwa ni jambo la ndani zaidi, ambalo mhusika asingeweza kuliacha hata angetaka.