Ufunguo wa grafu upangiwe nafasi mapema

Grafu ikiharibika, mara nyingi data haina kosa. Kinachoharibu ni ufunguo (kile kisanduku kinachosema mstari upi ni wa nini) uliokalia mstari, vichwa vya paneli, yaani grafu ndogo ndani ya picha moja, vinavyogongana na namba za paneli ya juu, au maandishi madogo mpaka msomaji anakunja uso. Anayechora kwa Excel anaburuta kisanduku kwa kipanya, yameisha. Anayechora kwa kuandika msimbo wa kompyuta hana cha kuburuta. Lazima aseme, tena aseme kwa namba. Ndiyo maana wengi huandika `ax.legend()`, amri ya kuweka ufunguo, pale mwisho kabisa, kisha wanamwachia Mungu.

Kwa anayetumia Matplotlib, zana ya kuchora grafu kwa lugha ya Python, ushauri wangu ni huu: nafasi ya ufunguo iamuliwe kabla hujachora mstari wa kwanza, pamoja na mpangilio wa paneli na ukubwa wa karatasi. Nitaeleza kwa grafu za mvua, maana ndizo ninazoshinda nazo.

Tuseme una miji sita: Dar es Salaam, Tanga, Bukoba, Dodoma, Mbeya na Tabora. Kila mji una mistari miwili, wastani wa 1991 hadi 2020 na mvua ya mwaka huu, mwezi kwa mwezi. Wengi watazipanga paneli kwa alfabeti. Mimi nazipanga kwa misimu. Safu ya juu naweka Dar es Salaam, Tanga na Bukoba, zenye masika na vuli, kwa hiyo mstari unapanda mara mbili kwa mwaka. Safu ya chini naweka Dodoma, Mbeya na Tabora, zenye msimu mmoja unaoanza Novemba na kwisha Aprili au karibu na hapo. Msomaji anaiona tofauti hiyo kabla hajasoma neno lolote.

Kisha amua kuhusu `sharey=True`, yaani paneli zote zitumie kipimo kimoja cha mhimili wa wima. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, Dodoma haifiki 600. Ukiacha kila paneli ijipimie mhimili wake, Dodoma itaonekana imenyeshewa sawasawa na Bukoba, na kuna mkubwa mahali fulani atalibeba hilo hadi kwenye kikao. Mihimili iachane tu pale swali linapohusu umbo la msimu, si wingi wa maji, na hapo sema wazi kwenye maelezo ya grafu.

Ukubwa wa karatasi watu huupuuza kuliko kitu kingine chochote. Karatasi ya A4 ina upana wa inchi 8.27, ukitoa inchi moja kila upande unabaki na 6.27. Mtu anaandika `figsize=(16, 9)`, yaani inchi 16 kwa 9, kwenye skrini inapendeza kweli, halafu anaibandika kwenye Word. Picha inabanwa hadi inchi 6.27, na maandishi ya saizi 10 yanashuka chini ya 4. Hapo huna ufunguo, una vumbi. Chora kwa upana uleule utakaochapishwa.

Sasa ufunguo wenyewe. Usipotaja `loc`, yaani mahali pa kuuweka, Matplotlib hutumia `"best"`, yaani hujitafutia sehemu isiyogusana sana na data. Kwa grafu moja si mbaya. Kwa paneli sita, ufunguo utakaa kushoto hapa, kulia pale, katikati kule, na mwezi ujao data ikiongezeka utahama tena. Isitoshe, mistari ni ileile miwili kila mahali. Kuna haja gani ya kuieleza mara sita? Uwe mmoja kwa picha nzima.

Ila ukiita `fig.legend()` tupu baada ya kuipa mistari ya kila paneli `label`, yaani jina la kuonyesha kwenye ufunguo, inakusanya kila kitu na kukupa vipengele kumi na viwili. Chukua vya paneli moja tu:

`fig, axs = plt.subplots(2, 3, sharex=True, sharey=True, figsize=(6.27, 4.5), layout="constrained")`

Ukishachora mistari yote:

`h, l = axs[0, 0].get_legend_handles_labels()`

`fig.legend(h, l, loc="outside upper center", ncols=2, frameon=False)`

Hakikisha paneli unayochukulia ina mistari yote miwili, la sivyo mmoja utapotea kimyakimya. Neno `outside` lilikuja na toleo la 3.7 mwaka 2023, na linaelewana na `layout="constrained"`: paneli zinasogea zenyewe kuupisha ufunguo. `tight_layout`, njia nyingine ya kupanga paneli, haiuhesabu ufunguo wa picha nzima, ndiyo maana mara nyingi unakuta umekalia vichwa vya paneli.

Kwenye matoleo ya zamani utabaki na `bbox_to_anchor`, inayotaja nukta ya kushikizia ufunguo, na hapa watu wanachanganyikiwa sana. Ukiandika `loc="upper left", bbox_to_anchor=(1.02, 1)`, ufunguo unatoka nje upande wa kulia. Mbona umesema kushoto? Kwa sababu ukishataja nukta, `loc` inataja kona ya kisanduku chenyewe. Kona yake ya juu kushoto ndiyo inayowekwa kwenye nukta hiyo, kidogo nje ya ukingo wa kulia wa grafu. Ukihifadhi, ongeza `bbox_inches="tight"` ili usikatwe, lakini ujue inabadilisha ukubwa wa picha, na zile inchi ulizopima kwa uangalifu zinaondoka.

Ukiwa na miji mitano badala ya sita, nafasi moja itabaki wazi. Usiihangaikie. Zima mihimili yake kwa `axs[1, 2].axis("off")`, kisha weka ufunguo palepale.

Na kuna grafu zisizohitaji ufunguo kabisa. Mistari mitatu au minne isiyobanana mwishoni, andika jina la kila mmoja kwenye ncha yake ya kulia kwa `ax.annotate`, kwa rangi ya mstari wenyewe. Mistari ikiwa mingi na ufunguo haukwepeki, upange kufuata jinsi mistari inavyomalizikia upande wa kulia, wa juu uwe wa kwanza. Matplotlib yenyewe hufuata tu mstari upi ulichorwa kwanza.

Mwisho, ripoti nyingi zitatoka kwenye printa ya wino mweusi. Wastani uwe wa vistari vilivyokatika, mwaka huu mstari mzima, na kwenye ufunguo weka `handlelength=3`. Ile 2 ya kawaida ni fupi mno. Mstari uliokatika unaonekana kama mzima.