Kwa nini samaki changu wa friza hulegea

Dada uliyeuliza kwa nini changu uliyemnunua soko la samaki la Deep Sea akiwa mbichi, nyama imekaza, ametoka kwenye friza baada ya wiki akaacha kidimbwi cha maji mekundu kwenye sinia: hukuuziwa samaki aliyeharibika. Ni barafu tu.

Nyama ni seli, na seli imejaa maji. Friza ya nyumbani hugandisha polepole. Barafu huanza nje ya seli, ikayavuta maji ya ndani. Seli inasinyaa, chumvi iliyobaki humo inakolea hadi inaharibu protini. Huku nje chembe za barafu zinazidi kukua, zinabana na kuchana utando wa seli. Ukiyeyusha, maji mengi hayana pa kurudi, ndiyo hayo ya kwenye sinia.

Anayefaidika ni mpishi wa pweza. Badala ya kumpiga weee mpaka mkono uchoke, mgandishe usiku kucha. Barafu inalegeza nyuzi zake, analainika. (Bibi yangu hataki kusikia habari hii.)

Kuganda haraka huleta chembe ndogo, hasara ndogo. Kwa hiyo kata samaki wako vipande vyembamba, vitandaze, usivirundike. Mbegu za madume wanazotumia kupandishia ng'ombe wa maziwa huhifadhiwa kwenye naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na nyingi huamka hai, maana huchanganywa kwanza na gliseroli inayopunguza madhara ya barafu. Changu wako hakupata bahati hiyo.