Jembe Langu Lilikuwa Faili la Plastiki

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linatukumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe, kisha linatuuliza sisi tulioishi ugenini: jembe tulipewa lini, na lilikuwa jembe gani? Mimi ninaishi tangu mwaka 2015 katika kijiji cha milimani mkoani Shimane, magharibi mwa Japani, ambako nimeajiriwa kwenye kilimo baada ya kumaliza masomo. Jembe langu lilichelewa hadi mwaka wa tatu, na lilipofika lilikuwa faili la plastiki lenye kamba ya kuning'inizia mlangoni.

Faili hilo huitwa kairanban. Ndani yake hupachikwa matangazo ya halmashauri, ratiba ya taka, siku ya kupimwa afya, pengine taarifa kwamba dubu ameonekana karibu na daraja, na mwisho karatasi yenye majina ya kaya zote za mtaa. Ukishasoma, unagonga muhuri mbele ya jina lako, halafu unalipeleka kwa mkono wako nyumba inayofuata. Likilala kwako siku tatu, mtaa mzima unajua limelala kwa nani.

Kwa miaka miwili na zaidi faili hilo lilikuwa likinipita. Bibi jirani yangu, ambaye wakati huo alikuwa amevuka miaka themanini, alilipokea kutoka nyumba ya juu na kulipeleka moja kwa moja nyumba ya chini, akiiruka ya kwangu iliyo katikati. Alifanya hivyo kwa huruma tupu, kwa kuamini kwamba mtu wa Afrika hawezi kuyasoma maandishi yale, na badala yake alikuja mwenyewe jioni kuniambia kwa mdomo kwamba kesho ni zamu ya chupa, keshokutwa karatasi. Nikirudi kazini nilikuta figili na vitunguu vya majani vimewekwa kizingitini, bila jina la aliyeviacha. Kila aliyekutana nami alinisifu: ninasema Kijapani vizuri mno, ninajua kushika vijiti vya kulia! Mwanzoni sifa hizo zilinifurahisha. Baadaye nilianza kujiuliza ni mwenyeji gani wa mahali popote anayesifiwa kwa kujua kula.

Ikatokea bibi akalazwa hospitali kwa ajili ya goti. Mzee wa nyumba ya juu, ambaye hakujua mpango ule, akalileta faili mlangoni kwangu kama anavyolileta kwa mtu yeyote. Nilikaa chini nikasoma ukurasa mmoja baada ya mwingine, nikatafuta muhuri niliochongewa kwa ajili ya benki, nikaugonga kwa pupa hadi jina langu likatokea kichwa chini, miguu juu. Ndipo macho yangu yalipoangukia tangazo la Jumapili: saa moja asubuhi ni kazi ya pamoja ya kufyeka kando ya barabara na kuzibua mfereji, kila kaya itoe mtu mmoja, na isiyotoa mtu itoe fedha. Kumbe kazi hiyo ilikuwa ikifanyika kila mwaka tangu nihamie, nami sikuwa nimetoa mtu wala fedha, na hakuna aliyeninyooshea kidole. Nimeona aibu mara nyingi maishani, lakini si kama jioni ile.

Aibu ilizidi kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Kilimanjaro. Sisi tumelelewa kwenye mifongo, ile mifereji ya wazee wetu inayoleta maji kutoka juu mlimani, na tangu utoto tunajua kwamba siku ya kusafisha mfongo kila nyumba hutoa mtu, na asiyetokea hutozwa. Mambo ya kwetu kabisa yalikuwa yakifanyika hatua mia moja kutoka mlangoni pangu, na mimi nimelala.

Jumapili hiyo nilifika saa moja kamili nikakuta wenzangu wamekwisha kuanza nusu saa nzima, maana huko kufika kwa wakati ni kuchelewa. Tulikuwa tisa, na aliyenifuata kwa ujana alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wenye mashine za kufyekea begani walitangulia. Mimi nilipewa koleo na kuoneshwa tope. Kwa muda wa saa tatu hakuna aliyenisifu hata mara moja. Niliambiwa tu, "Hapo bado. Na hapo." Tulipopumzika nikapewa chai ya kopo kama wengine, na mazungumzo yakaendelea kuhusu nguruwe pori walioangusha uzio, bila mtu kugeuka kuniuliza Afrika kuna joto kiasi gani.

Wajapani wana neno genkai shuraku, yaani kijiji kilichofika ukingoni, lililobuniwa na mwanasosholojia Ono Akira mwaka 1991 kwa ajili ya vijiji ambavyo zaidi ya nusu ya wakazi wake wana miaka 65 au zaidi. Wengi huishia kwenye umri, lakini sehemu ya pili ya maana yake ndiyo inayonigusa: kwamba kazi za pamoja, kama kuzika na kutunza njia na maji, zimekuwa ngumu kuendeshwa. Kijiji hakifiki ukingoni kwa sababu ya mvi peke yake. Hufika pale asipopatikana mtu wa kushika koleo. Nchi nzima, sensa ya makazi ya mwaka 2023 ilihesabu nyumba tupu zipatazo milioni tisa, na yangu mwenyewe nayo ilikuwa tupu kabla sijaipanga kupitia halmashauri.

Jembe la pili lilikuwa usukani. Nilipohamia, treni ya njia ya Sanko ilikuwa bado ikifuata Mto Gonokawa kwa kilomita 108, kati ya Miyoshi na Gotsu, ikitembea taratibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu korongo waliosimama majini. Ilifungwa mwishoni mwa Machi 2018 kwa kukosa abiria, ingawa miezi ya mwisho ilijaa watu wa mijini waliokuja kuipiga picha na kuiaga (laiti wangeipanda mapema). Tangu hapo wazee wasioendesha tena wanategemea basi la nadra au jirani mwenye gari. Gari langu ni kile kijilori cha injini isiyozidi cc 660 ambacho kila mkulima wa Kijapani anacho, na kwa kuwa kina viti viwili tu, wagonjwa wa zahanati nawapeleka mmoja mmoja.

Mwaka uliofuata, mzee wa nyumba ya juu alinikabidhi majaruba yake mawili, kwa kuwa mgongo ulikuwa umemkatalia. Mashine ilipandikiza katikati, nami nikajaza pembe kwa mkono, nikirudi kinyumenyume. Aliponiuliza ni nani aliyenifundisha, nilimjibu kwamba ni Wajapani: mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi, uliojengwa kwa msaada wa nchi yake na kukamilika mwaka 1987, ndiko baba alikojifunza kupanda kwa mstari. Alicheka, lakini nadhani hakuniamini.

Katika kijiji chetu cha Shimane watu hawaitani kwa majina ya ukoo, kwa sababu nusu yao wana ukoo mmoja. Wanaitana kwa majina ya nyumba. Nyumba ninayokaa huitwa Kajiya, kwa mhunzi, ingawa hakuna aliye hai anayemkumbuka mhunzi huyo. Mimi nilikuwa Tanzania-san, san likiwa neno la heshima. Usiku mmoja wa Julai nilisahau kurudisha ubao wa mlango wa maji, majaruba yangu yakanywa usiku kucha, na shamba la chini likakauka. Kulipopambazuka nilimsikia bibi, aliyerudi kutoka hospitali na fimbo yake, akipiga kelele kutoka barabarani, bila salamu wala san: "Kajiya! Maji!"

Nilitoka mbio peku.