Uliza Ujibiwe: Nani Atasahihisha Kazi Yako?

Barua za safari hii zimetoka mikoa ya Tabora na Kigoma, na karibu zote zinahusu kozi za chuo za hisabati na sayansi zinazosomwa kwa intaneti, hasa namna ya kumjua mhadhiri mzuri kabla ya kulipa ada.

SWALI: Nafundisha hisabati sekondari kwa stashahada na nataka kujiendeleza. Nimepata kozi tatu za kalkulasi mtandaoni. Zote zina video nzuri na nyota nne na zaidi. Nitamtambuaje mhadhiri anayefaa? (Mwalimu, Urambo)

JIBU: Mwalimu, weka video kando kwanza. Mihadhara mizuri ya kalkulasi ipo bure. Chuo cha MIT cha Marekani kimeiweka wazi kozi yake ya 18.01 iliyofundishwa na David Jerison, pamoja na mazoezi, mitihani na majibu yake, na huhitaji hata kujisajili. Kwa hiyo unapolipa ada, kinachostahili fedha yako ni mtu wa kusoma hatua zako na kukuonyesha mstari ulipopotea. Anza na swali hilo kwa kila kozi: nani anasahihisha, na anaandika nini kwenye kazi?

Kozi nyingi husahihishwa na mashine. Unajaza jibu la mwisho, mfumo unasema sahihi au si sahihi, basi. Mashine ni nzuri kwa mazoezi ya kila siku kwa sababu inajibu papo hapo, lakini haioni hatua. Mtu anaweza kukosea mara mbili, makosa yakafutana, akapewa alama zote. Kozi nyingine huwaachia wanafunzi wasahihishane wenyewe. Kwenye insha njia hiyo inaweza kufaa. Kwenye uthibitisho wa kihisabati, asiyejua anamsahihisha asiyejua. Tafuta kozi ambayo walau kazi tatu au nne kwa muhula, mbali na mtihani, zinaandikwa kwa mkono na kusomwa na mhadhiri au msaidizi wake. Uliza pia wanafunzi wangapi wako chini ya msahihishaji mmoja. Mtu mwenye wanafunzi 30 anaweza kukuandikia sentensi mbili za maana. Mwenye 300 atakuwekea tiki.

Angalia pia kama anayeonekana kwenye video ndiye anayefundisha muhula huu. Mara nyingi profesa alirekodi miaka iliyopita, na kozi sasa inaendeshwa na mtu mwingine kabisa. Omba muhtasari wa kozi wa muhula unaotaka kusoma. Muhtasari huo uwe na jina la mhadhiri, saa zake za kuonana na wanafunzi, muda anaoahidi kujibu barua (saa 24 hadi 48 za siku za kazi ni kawaida nzuri), na mgawanyo wa alama. Muhtasari usio na jina la mhadhiri ni sababu tosha ya kusubiri.

Ukitaka kupima ufundishaji wenyewe, usitazame mhadhara wa kwanza. Huo kila mtu huupamba. Nenda kwenye somo la kanuni ya mnyororo, ile ya kutofautisha fomula iliyo ndani ya nyingine. Mhadhiri akitafuta difrensiesheni ya sin(3x²), jibu ni 6x·cos(3x²). Wewe mwenyewe unajua wanafunzi huandika nini: cos(6x), kwa kuwa wanatofautisha kilicho ndani na kukiacha humo humo. Mhadhiri anayejua kazi yake atalitaja kosa hilo kabla hujalifanya, aeleze linatoka wapi, kisha afanye mfano wa pili mgumu kidogo bila kuruka hatua. Kwenye fizikia, mtazame kwenye kitu kilicho juu ya mteremko: je, anaonya kwamba nguvu ya kusukuma ya uso ni mg·cos θ (θ ni pembe ya mteremko), wala si mg, yaani uzito wote? Kwenye kemia, tazama kitendanishi kikomo, yaani kile kinachoisha kwanza. Ukiwa na hidrojeni gramu 10 na oksijeni gramu 32, wengi husema hidrojeni ndiyo itakayoisha kwa sababu ni nyepesi. Hidrojeni hiyo ni moli 5, oksijeni ni moli 1 tu, na oksijeni ndiyo inayoisha, kwa kuwa moli 1 ya oksijeni inahitaji moli 2 za hidrojeni. Maji yanayopatikana ni gramu 36. Mhadhiri anayesoma kanuni kwenye slaidi bila kufika kwenye makosa kama haya hajawasikiliza wanafunzi wake.

Kabla ya kulipa, mwandikie. Usiulize kama kozi ni nzuri. Uliza swali moja dogo la somo lenyewe, uweke na hatua zako: “Nimefika hapa, nimekwama kwenye mstari wa tatu.” Jibu litakuonyesha kama amesoma hatua zako au amekutumia kiungo cha ukurasa. Usipojibiwa ndani ya siku tano za kazi ungali mteja anayetafutwa, fikiria itakuwaje ukishalipa.

Nyota hazitoshi. Wengi huzitoa wiki ya kwanza, na wengi huzitoa kwa sababu mtihani ulikuwa rahisi. Soma maoni yanayotaja kitu: kazi ilirudi baada ya siku ngapi, mtihani ulilinganaje na mazoezi, mhadhiri alijibu nini mtu alipokwama. Malalamiko ya “anatoa kazi nyingi mno” yasikutishe, Mwalimu. Kwa hisabati, hiyo ni sifa.

SWALI: Nimemaliza kidato cha sita PCB, na hisabati yangu ni BAM tu (ile ya msingi, siyo ya juu). Nataka kuanza kalkulasi ya chuo wakati nasubiri udahili. Nianzie wapi? (Mhitimu, Ujiji)

JIBU: Mdogo wetu, jipime kwanza. Chukua karatasi, dakika 20, bila kikokotoo. (1) Rahisisha (x² − 9)/(x − 3), na useme x haiwezi kuwa ngapi. (2) Tatua 2^(x+1) = 32. (3) Tafuta x zote kati ya nyuzi 0 na 360 ambazo sin x = 1/2. (4) Kama f(x) = (2x − 1)/3, tafuta kinyume chake. (5) Tofautisha x²·sin x.

Majibu: (1) x + 3, na x isiwe 3; (2) x = 4; (3) nyuzi 30 na 150; (4) (3x + 1)/2; (5) 2x·sin x + x²·cos x.

Ukikosa la tano peke yake, anza kalkulasi, kwa maana hilo utafundishwa. Ukikosa mawili kati ya manne ya mwanzo, usianze bado. Wiki za kwanza za kalkulasi ni limiti, na limiti nyingi ni swali la kwanza lililovaa nguo nyingine: x inapokaribia 3, sehemu ile inakaribia 6, lakini huwezi kuiona kama hujui kuvunja x² − 9. Wengi wanaosema kalkulasi imewashinda wameshindwa na aljebra. Jipe wiki nne na kitabu cha Precalculus cha OpenStax, ambacho ni cha bure, kwa saa mbili kila siku. Kwa mifano iliyofanywa hatua kwa hatua, maelezo ya Paul Dawkins wa Chuo Kikuu cha Lamar, Marekani, ni ya bure pia na hayana video za kumaliza bando. Ukihamia kitabu cha kalkulasi cha OpenStax, fanya maswali ya namba witiri. Majibu yake yapo mwishoni mwa kitabu.

Jambo moja linawaangusha waliotoka BAM bila wao kujua. Kanuni kwamba sin x ikitofautishwa inatoa cos x ni kweli kwa radiani tu. Kikokotoo kikibaki kwenye nyuzi, majibu ya namba yenye sin au cos yatakuwa kosa hata kama hatua zako zote ni sahihi. Kiweke kwenye RAD siku ya kwanza.

Namba changamano na milinganyo ya difrensiesheni, ambazo wenzako wa PCM walizisoma kwenye hisabati ya juu, zisikutie hofu sasa. Zinakuja baadaye na zitafundishwa.

SWALI: Binti yangu anataka kulipia kozi ya fizikia ya chuo cha nje ya nchi. Cheti chake kitakubalika hapa? (Mzazi, Nzega)

JIBU: Mzee wetu, tenganisha cheti cha kuhudhuria na krediti za chuo, yaani vipimo vya masomo vinavyohesabiwa kwenye shahada. Vyeti vingi vya majukwaa ya mtandaoni ni vya aina ya kwanza: vinapendeza kwenye wasifu wa kuombea kazi, lakini havimwingizi mtu mwaka wa pili. Tuzo za vyuo vya nje hutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na kama krediti za kozi moja zitahamishwa ni uamuzi wa chuo kinachompokea. Apate jibu hilo kwa maandishi kutoka chuo anakokwenda, kabla ya kulipa.

Akilinganisha, ahesabu saa. Hapa kwetu krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Marekani, krediti 1 ni kama saa 3 kwa wiki kwa wiki 15, yaani takriban saa 45. Kozi ya krediti 4 ya Marekani kwa hiyo ni saa 180, na ikibanwa iishe kwa wiki 6 za kiangazi inadai saa 30 kila wiki. Matangazo ya “maliza haraka” hayaandiki hesabu hiyo. Kama lengo lake ni shahada, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina vituo vya mkoa Tabora na Kigoma, na mitihani hufanyika bila kuvuka bahari.

SWALI: Ni muuguzi, natafuta kozi ya kemia ya chuo. Moja inasema maabara yote ni ya kompyuta. Inatosha? (Kasulu)

JIBU: Kwa kuelewa, inasaidia sana. Maabara za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ni za bure, baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili, na ukizipakua zinafanya kazi bila intaneti. Ila kompyuta haikufundishi mkono. Kwenye taitresheni, yaani kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi rangi ibadilike, tone moja la ziada linageuza rangi na kuharibu usomaji, na kusoma bureti (mrija wenye vipimo unaodondoshea) kwa jicho lililo juu ya usawa wa kimiminika kunakupa namba ya uongo. Mambo hayo hayajifunzwi kwa kubonyeza.

Uliza siku za maabara ya kweli ni ngapi, zinafanyika wapi, mwezi gani, na nani anasimamia. Kama ni Dar es Salaam, kutoka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli; nauli, malazi na ruhusa ya kazini viingie kwenye bei ya kozi. Na kama chuo unachokusudia kwenda baadaye kinadai kemia yenye maabara, kozi isiyo nayo utairudia yote.

SWALI: Vipindi vya moja kwa moja vinafundishwa na mhadhiri aliye New York. Umeme na mtandao vyetu mnavijua. Nifanyeje? (Mwandiga)

JIBU: Kagua saa kabla ya bando. Kipindi cha saa 1 usiku kule ni saa 8 usiku kwako, na kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi kinasogea hadi saa 9 usiku, kwa sababu wao hubadilisha saa na sisi hatubadilishi. Hakuna anayejifunza intigresheni saa hiyo kwa miezi minne. Chagua kozi yenye mihadhara iliyorekodiwa inayopakulika, na kipindi cha maswali unachoweza kukifikia ukiwa macho. Mhadhiri wa India yuko mbele yako kwa saa mbili na nusu tu.

Video pakua kwa ubora wa 360p, kwa bando la usiku: saa moja hula takriban MB 200 hadi 350, na ubao wa chaki unasomeka vizuri. Ukikuta maandishi hayasomeki, pakua mhadhara huo peke yake kwa ubora wa juu.

Uliza utaratibu wa mtihani. Ule unaosimamiwa kwa kamera unataka kompyuta, chumba cha peke yako na mtandao usiokatika kwa saa mbili au tatu. Omba sheria yao ya maandishi kuhusu umeme kukatika katikati. Kama hawana, bora kozi inayokuruhusu kuufanya kwenye kituo.

Kukusanya kazi nako kunaangusha watu. “Saa 5:59 usiku” ya New York ni saa 12:59 asubuhi kwako, au 1:59 majira yao ya baridi, lakini lenga kukusanya siku nzima kabla. Andika kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, hatua moja kwa mstari. Piga picha mchana karibu na dirisha, simu ikiwa juu sambamba na karatasi ili kivuli chako kisiangukie kazi. Unganisha kurasa zote kwenye PDF moja, namba yako ya usajili ikiwa kwenye kila ukurasa. Ukishapakia, fungua faili lililo kwenye mfumo wao, siyo lililo kwenye simu yako, ulipitie hadi ukurasa wa mwisho, maana ukurasa uliokatwa pembeni hata mhadhiri mwema hawezi kuusahihisha.