Kabla hujailaumu sabufa yako, isogeze kwanza

Mwaka mzima sabufa yangu ilikaa pale wengi wetu tunapoiweka: konani, nyuma ya kabati la TV, juu yake kitambaa na maua ya plastiki. Sebule yangu ni ya kupanga, Mbagala, futi 10 kwa 12. Nikipiga rumba, gitaa la besi lilisikika kama mtu anayegonga mlango. Nota zote moja: duu, duu, duu. Nikaibeba hadi kwa fundi Kariakoo nikidhani spika imekufa. Hata hakuifungua. "Kwani kaka, nyumbani umeiweka wapi?"

Konani kuta mbili na sakafu hukutana, na zote huirudishia besi nguvu. Isitoshe, sauti nzito ina mawimbi marefu. Wimbi la hezi 48 (mitikisiko 48 kwa sekunde) lina urefu wa kama mita 7, na sebule yangu ya mita 3.6 ni karibu nusu yake. Nota hiyo basi huvimba kwenye kuta na kufifia katikati ya chumba. Ndiyo maana mimi niliyekaa kwenye kochi, mgongo ukutani, niliona besi imezidi, huku mke wangu mkekani akisema haisikii. Tulibishana bure, kila mmoja alisema kweli.

Dawa inachekesha, ila inafanya kazi. Iweke sabufa juu ya kochi, pale unapokaa wewe. Piga wimbo ambao besi yake inapanda na kushuka. Zilipendwa zinafaa sana. Halafu tambaa kando ya kuta, sikio karibu na sakafu. Utapita mahali besi inanguruma, mahali inapotea, na mahali ambapo kila nota inasikika kwa kiasi chake. Hapo piga alama ya chaki, ndipo sabufa itakapokaa. Wanangu walidhani natafuta panya. Alama yangu iliangukia pembeni mwa mlango, mita moja hivi kutoka konani, ikabidi ninunue waya mrefu zaidi.

Kama boksi lako lina tundu la hewa, usilibane ukutani. Acha nafasi ya shubiri moja. Waya mwekundu uende penye nyekundu kwa spika zote, maana ukigeuza wa upande mmoja tu, besi inakonda na mwimbaji haijulikani amesimama wapi.

Wenye sabufa ya kujitegemea iliyounganishwa na amplifaya wana kitufe cha kuchagua masafa, yaani sabufa ishike sauti za kuanzia hezi ngapi kushuka chini. Spika kubwa, anzia hezi 80. Vispika vya inchi 3 haviwezi kushuka huko, panda hadi 120 au zaidi kidogo, lakini ukisikia sauti za wanaume zinatokea kwenye boksi, umepitiliza. Swichi ya 0 na 180, inayogeuza kama spika inaanza kusukuma au kuvuta, mwachie mtu aigeuze wewe ukiwa umekaa, chagua upande ambao besi imejaa.

Kipande cha godoro chini ya boksi kilituliza vyombo kabatini. Ukuta hakikuusaidia kitu, besi bado ilipenya, kwa hiyo nikaenda kwa jirani tunayechangia naye ukuta. Mchana, alisema, hana neno. Ikifika saa nne usiku, besi irudi robo. Nimeichora hiyo robo kwa kalamu ya wino kwenye kitufe cha besi.